Anko, nilidhani najua poka, kumbe najua ile ya kwetu tu

Habari Anko. Mimi huwa nasoma tu majibu yako nikiwa breki ya saa nane usiku, sijawahi andika, lakini hii maneno imenifika shingoni. Niko na miaka 34, mzaliwa wa Nakuru, niko hapa Dallas miaka mitatu sasa, nafanya shifti ya usiku kwa ghala moja kubwa la mizigo, mke wangu anafanya kazi ya kutunza wazee na tuna binti wa miaka sita.

Sasa, kuna jamaa wa kazini huwa wanachezanga poka kila Ijumaa tukitoka, kwa nyumba ya supavaiza wetu. Wakaniuliza kama najua. Anko nilicheka. Poka! Mimi nimecheza poka tangu darasa la nne, sekondari tulikuwa tunacheza dom usiku na tochi chini ya blanketi, nimelisha watu kadi tano za joka mpaka mtu akatupa karata akaenda kulala amenuna. Nikawaambia hiyo ndio yangu, muandae pesa.

Nilifika nikalipa dola 20 nikapewa vichipu vyangu. Kuangalia, napewa karata mbili peke yake. Nikauliza zingine ziko wapi. Nikauliza joka ziko wapi. Watu wakadhani ni mzaha. Karata zangu za kwanza zilikuwa 2 na 3, na si unajua kwetu hizo ni bunduki, mtu anaokota mpaka anachoka, nikasema leo ni leo, nikaweka pesa mpaka mwisho. Nilipozilaza pale mezani kila mtu alinyamaza kwanza halafu nyumba ikapasuka kicheko.

Lakini hiyo si kubwa. Kubwa ni hii. Baadaye nikaanza kuelewa kwamba ukiwa na tano za maua sawa unashinda. Nikapata spedi mbili mkononi, zikafunguliwa tatu katikati, mbili zikiwa spedi, ikabaki moja tu nimalize. Anko, sijui mdomo ulifunguka namna gani, nikajisikia tu nimepiga kelele "NIKO KADI!" Jamaa mmoja Mnigeria akaniuliza hiyo ni nini, na mimi mjinga nikamueleza vizuri kabisa, kwamba kwetu ukibakisha moja umalize lazima utangaze. Karata iliyofuata ikawa spedi. Wote wakatupa karata zao wakiniangalia tu. Nilishinda dola moja na senti sitini. Mpaka leo kwa kazi naitwa Niko Kadi, hata bosi mkubwa anajua.

Nimeenda mara tatu. Ya kwanza nilipoteza 60, ya pili 80, ya tatu 120, kwa sababu pesa ikiisha unaongeza 20 nyingine. Ile ya mwisho iliniuma sana, nilikuwa na esi na 5, pale katikati kukatoka esi, 9, 6, jeki na 2, nikajua pea ya esi nani atanishinda, nikasukuma vyote. Jamaa akatoa esi na kwini akachukua. Si sisi wote tuko na pea ya esi? Si tungegawana? Mpaka saa hii naona niliibiwa.

Shida yenyewe sasa. Mama watoto nilimwambia hizo Ijumaa nafanya ovataimu. Ni mtu wa kanisa sana, akisikia kamari nyumba haitalalika. Na Ijumaa ijayo peisilipu inatoka na yeye ndiye huwa anapiga hesabu za nyumba, ataona hakuna ovataimu yoyote. Nilikuwa nimepanga nishinde nirudishe hiyo 260 kabla hajajua. Kuna jamaa mwingine ameniambia kuna nyumba ingine Jumamosi, pesa ni kubwa zaidi, mwenye nyumba anachukua dola moja kila raundi ya kugharamia mambo yake. Naona huko ndio naweza kurudisha haraka.

Nifundishe basi hii poka yao, hata ile ya msingi tu, na uniambie nifanye nini na hii maneno ya nyumbani.

Ni mimi, Niko Kadi, Dallas.

P.S. Kuna mzee mmoja pale mezani anasema 10 na 2 ni karata ya mabingwa. Ni kweli ama ananichezea?

---

Niko Kadi ndugu yangu, nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nilishindwa kumaliza kwa kicheko, ukiniwia radhi. Mimi nimekaa Houston miaka 19 na nikikumbuka vizuri Wakenya karibu wote niliowajua huku waliingia kwa hiyo mitego hiyo hiyo, mtu anaulizwa unajua poka anasema ndio, kumbe jina ni moja mchezo ni mbali kama Malindi na Malaba. Kwa hivyo usijione mjinga sana. Mjinga kidogo tu, na ni kwa ile ya ovataimu.

Tuanze na hiyo basi, kwa sababu peisilipu haingoji ujifunze flashi ni nini. Mwambie mama leo. Si Alhamisi usiku, leo. Mwambie ni dola 260, utaje hiyo namba kamili, usipunguze ukasema "kama mia hivi" halafu nyingine ikae inakufuata. Na usijaribu ile ngonjera ya kwamba poka si kamari ni mchezo wa akili. Ni kamari. Ina akili ndani yake, tena nyingi, mtu anayejua akicheza mwaka mzima na wasiojua atawakula, lakini usiku mmoja wa Ijumaa bahati ndiyo inakaa kwa usukani, na mkeo si mtoto, anajua pesa iliyowekwa mezani ikaenda inaitwaje. Kitakachomuuma si hiyo 260 vile unafikiria. Ni kwamba alikuwa analala akijua uko kazini unateseka na mizigo. Hiyo ndiyo utaombea msamaha, na ukishaomba nyamaza, mwache aongee.

Na ile hesabu ya kurudisha 260 kabla hajajua, itoe kichwani kabisa. Anayecheza kurudisha huwa hawezi kutupa karata, na kutupa karata ndio mchezo wenyewe, sasa nije hapo.

Angalia tofauti. Kadi yetu ya nyumbani, zamu ikifika ni lazima ufanye kitu, unacheza ama unaokota. Huwezi kusema raundi hii mimi sipo. Kwa hivyo sisi tumekua tukijua karata zote ulizopewa ni zako na utapambana nazo. Hii ya huku, inaitwa Texas Hold'em, na umeenda kuijifunzia nyumbani kwao kabisa, maana bunge la Texas lenyewe mwaka 2007 lilipitisha azimio la kutambua mji wa Robstown, huko chini karibu na Corpus Christi, kama mahali ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Katika hii unapewa karata mbili na una ruhusa ya kuzirudisha bila kulipa chochote. Kufoldi ni bure. Hakuna kuokota, hakuna adhabu. Mtu mzuri akikaa mezani na watu sita anafoldi mara saba ama nane kwa kila kumi, anakula pizza, anaangalia wengine. Wewe najua ulikuwa unacheza zote kumi, sikuwa huko lakini najua.

Mwendo wenyewe ni huu. Kabla karata kugawanywa watu wawili wanaofuata baada ya mwenye batani, ile sahani ndogo inayozunguka, wanaweka pesa ya lazima, blaindi ndogo na blaindi kubwa, hiyo ni ya kufanya poti, ile pesa ya katikati inayopiganiwa, isiwe tupu, la sivyo kila mtu angekaa tu akingoja esi mbili mpaka kuche. Kila mmoja anapata mbili zake za siri. Hapo kuna raundi ya kwanza ya kubeti: unafoldi, ama unakoli yaani unaweka sawa na aliyeweka, ama unareizi unaongeza. Halafu zinafunguliwa tatu katikati kwa pamoja, hizo ni za wote, zinaitwa flopu. Mnabeti tena. Inafunguliwa ya nne, wanaiita tani, na si tani ya makaa. Mnabeti. Ya tano ni riva, mnabeti mara ya mwisho, na kama bado kuna watu wawili ama zaidi mnaonyesha. Katika hizo saba, mbili zako na tano za katikati, kila mtu anachagua tano zake bora. Shika hiyo neno, TANO, si mbili, si saba, ni tano, tutairudia kwa kesi yako ya kuibiwa.

Nguvu za karata sasa. Sahau 2, sahau 3, sahau 8 na kwini za kuuliza swali, jeki haimrukii mtu na kingi hairudishi mzunguko nyuma. Joka zimebaki kwa boksi. Kubwa ni esi, halafu kingi, kwini, jeki, 10 ikiteremka mpaka 2 ambayo ni takataka, ile bunduki yako ya kwanza ilikuwa bunduki ya maji. Maua nayo, spedi, moyo, dayamondi, flawa (wale watu wa pwani husema shupaza, kopa, uru na pau, na mimi hupenda yao zaidi), hakuna yenye nguvu kuliko ingine. Kutoka chini kupanda: usipokuwa na kitu chochote ni karata yako ya juu tu, halafu pea yaani mbili za namba ile ile, pea mbili, tatu za namba ile ile, streti yaani tano zinazofuatana kama 5 6 7 8 9 hata kama maua ni tofauti, flashi yaani tano za ua moja, fulu hausi yaani tatu za namba ile ile pamoja na pea, nne za namba ile ile, na streti ambayo yote ni ua moja. Ile ya 10 mpaka esi za ua moja, royali, ukigawiwa karata tano tu inatoka mara moja kwa 649,740, kwa hivyo usiingoje. Kitu kinachowachanganya watu wetu ni flashi kushinda streti. Inashinda kwa sababu ni ngumu zaidi kupatikana, hiyo ndio kanuni ya orodha yote, kilicho adimu kiko juu, ukisahau mpangilio jiulize kipi ni kigumu.

Haya, kesi yako ya esi. Hukuibiwa. Katikati palikuwa na esi, 9, 6, jeki, 2. Wewe na esi na 5, tano zako bora ni esi, esi, jeki, 9, 6. Unaona ile 5 yako haimo hata? Haikutumika kabisa. Yeye tano zake ni esi, esi, kwini, jeki, 9. Pea ni sawa, inaangaliwa inayofuata, yake kwini yako jeki, amekupita. Hiyo karata ya pembeni wanaiita kika na ndiyo imekula pesa za wanaoanza kuliko kitu chochote, kwa sababu mtu akiona esi mkononi anafunga macho. Esi na 5 ukipata pea ya esi na mtu bado anakubetia pesa nyingi, jiulize, huyu ana nini? Mara nyingi ana esi yako na kika iliyo nono kuliko yako. Sisemi usicheze esi kamwe, nasema usisukume chipu zote na esi yenye mtoto dhaifu.

Basi ucheze gani. Kwa miezi yako ya kwanza nakupa chache tu, na utachoka, najua. Pea kuanzia 10 kupanda, esi na kingi, esi na kwini, kingi na kwini kama ni za ua moja. Hizo reizi, usikoli kwa woga, weka mara tatu ya blaindi kubwa hivi. Pea ndogo kama 5 mbili unaweza kuingia kama ni bei rahisi, ukitafuta ya tatu kwa flopu, inakuja kama mara moja kwa nane, isipokuja unatoka bila kuaga. Esi mbili zenyewe utazipata mara moja kwa mikono 221 kwa wastani (mkono ni mgao mmoja wa karata), na meza ya nyumbani ambapo watu wanachanganya karata wenyewe wakipiga stori mnacheza labda mikono 25 ama 30 kwa saa, kwa hivyo unaweza kukaa usiku mzima usizione hata mara moja na hakuna aliyekuroga.

Kiti nacho ni kitu. Baada ya flopu mwenye batani ndiye anaongea wa mwisho, ameshaona kila mtu amefanya nini. Aliye kushoto kwake anaongea kwanza akiwa gizani. Karata ile ile ambayo ungeitupa ukiwa wa kwanza kuongea unaweza kuicheza ukiwa kwa batani, kwa sababu habari uko nayo. Kwa kadi yetu hii haikuwa na maana sana maana mtu anatupa kingi mzunguko unageuka, huku haugeuki, ukiwa vibaya uko vibaya mpaka batani isogee.

Sasa nakuja kwa ile spedi yako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio mahali unaweza kuanza kuwa mchezaji wa kweli. Ulikuwa na spedi nne, unatafuta ya tano. Spedi ni 13 kwa jumla, nne umeziona, zimebaki tisa ambazo zinakumalizia. Karata ambazo hujaziona ni 47. Njia ya haraka ya mezani: chukua hizo tisa, ukiwa unangoja karata moja tu zidisha kwa mbili, inakuwa kama asilimia 18 na zaidi kidogo, ukiwa na uhakika wa kuona zote mbili bila kulipa tena zidisha kwa nne, kama 36, hesabu kamili ni 35. Si kalkuleta lakini inatosha. Halafu linganisha na bei. Tuseme imebaki riva pekee, poti ina dola 6 na mtu amebeti 3. Unaombwa 3 ili ushinde 9. Ukilipa poti nzima itakuwa 12, na 3 ni robo ya 12, kwa hivyo unahitaji kushinda mara moja kwa nne ili usile hasara, asilimia 25. Wewe una kama 20. Foldi, hata kama roho inauma, labda tu uwe na uhakika atakulipa nyingi zaidi ukipata. Lakini angebeti dola 1 badala ya 3 ungekuwa unalipa 1 kwa poti itakayokuwa 8, unahitaji asilimia 12 na nusu tu, hapo koli ukiwa unatabasamu. Ni kama kununua viazi sokoni bana, viazi ni vile vile, bei ndiyo inakufanya uchukue ama uende.

Kwa hivyo wewe kupiga kelele niko kadi haikuwa aibu tu, ilikuwa hasara ya pesa, wangekulipa vizuri sana. Kwetu kutangaza ni sheria, usipotangaza unakatazwa kumaliza. Huku kunyamaza ndio mali. Na nakupa siri, hilo jina walilokupa litumie. Siku moja miezi ijayo, ukiwa huna kitu kabisa na watu wameshazoea kwamba wewe unacheza karata nzuri tu, beti halafu useme polepole "niko kadi". Hiyo ndiyo blafu. Mara moja tu lakini, na iwe mmebaki wawili, kwa sababu kuwadanganya watu wanne kwa wakati mmoja ni kazi ya wanasiasa. Na usimfanyie blafu mtu asiyejua kufoldi, yule anayekoli kila kitu, huyo unamngoja na karata za kweli. Wewe ulikuwa huyo mtu wiki tatu zilizopita, na ndio maana walifurahi ukirudi.

Watu watakuambia pia kuhusu kusoma sura. Usijisumbue sana mwanzoni, angalia pesa anazoweka zaidi ya uso wake. Kitu kimoja tu, mikono ikimtetemeka mtu wakati anasukuma chipu mara nyingi si uongo unaomtetemesha, ni karata nzuri, moyo unamwenda mbio. Sisi tunafikiri kinyume.

Ile nyumba ya Jumamosi, usiende. Nikupe hesabu kwanza. Mwenye nyumba anachukua dola moja kila raundi, yaani kila mkono, mikono 25 kwa saa, hiyo ni dola 25 kwa saa, masaa matano ni 125. Kama mko sita kila mmoja ameleta 20, mezani mlileta 120. Ameshakula meza nzima, nyinyi mmebaki mnapigania upepo. Hata kama pesa ni kubwa kidogo, bado kuna mtu wa saba anayeshinda kila wiki na hagawiwi hata karata. La pili ni sheria. Kwa Texas mnaweza kujitetea kama mnacheza mahali pa faragha, hakuna anayefaidika zaidi ya kile alichoshinda mezani, na kila mtu ana nafasi sawa ya kushinda ama kushindwa. Huyo wa kukata dola ametoka nje ya hiyo. Mimi si wakili lakini kama una grinikadi na unataka uraia baadaye, jua kwamba kupatikana na hatia ya kamari mara mbili ni moja ya mambo yaliyoandikwa kwa sheria ya uhamiaji kwamba yanakuondolea sifa ya tabia njema. Kwa supavaiza, kama kuna pesa anachukua na ni ya pizza tu na pizza unaiona, hiyo naona ni sawa. Nenda Ijumaa moja kwa mwezi, na 20 moja, ikiisha umekuwa mtazamaji. Kama mama atakubali, na asipokubali hakuna rufaa, umeshatumia haki zako kwa zile ovataimu tatu.

Lakini jaribu hivi. Ukishamwambia na hasira ikipoa, labda wiki mbili, mwombe mkae meza ya jikoni mcheze naye kwa maharagwe. Hakuna pesa. Kila mtu maharagwe mia, moja ndio blaindi ndogo, mbili ndio kubwa, mikono hamsini, na kila ukifoldi weka yako pembeni ukiangalia ingekuwaje, utaona mara ngapi ulichotupa kilikuwa takataka kweli. Mimi nilijifunzia hivyo na mke wangu, yeye ndiye alinifundisha kufoldi maana alikuwa ananila kila siku, mtu anayepiga hesabu za nyumba huwa mbaya sana kwa hii mchezo, hatoi shilingi bila sababu. Usishangae wako akikushinda. Mkiwa wawili inabadilika kidogo, mwenye batani ndiye anaweka blaindi ndogo, na karata nyingi zaidi zinachezeka, lakini ya kujifunzia inatosha.

Sasa huyo mzee na 10 na 2 zake. Amekuambia nusu. Kulikuwa na Mtexas mmoja, Doyle Brunson, alishinda shindano kubwa la dunia kule Las Vegas mwaka 1976 na tena 1977, na miaka yote miwili karata zilizomalizia zilikuwa 10 na 2, akapata fulu hausi zote mbili, mpaka leo hizo karata wachezaji wanaziita kwa jina lake. Hiyo ni kweli kabisa. Nusu ambayo hakukuambia ni kwamba Brunson alikuwa amecheza maisha yake yote kabla ya hapo, na wewe umecheza Ijumaa tatu. Akikuambia tena, mwitikie vizuri, yeye ni mzee, halafu ukipewa 10 na 2, foldi.